Kijiji Ambacho Swali Langu Lilikiruka

Siku moja nilitangaza mbele ya biro nzima, watu wote wa ofisi yetu, kwamba nimemaliza kazi ya wiki kwa muda wa kupiga chafya. Nilikuwa nimeandika swali langu la kwanza katika lugha ya programu, swali la kuiuliza mashini ni vijiji vipi vya Kasongo na Kabambare vilikuwa bado havijapata chanjo ya surua. Niligusa kitufe, mashini ikarudi palepale, kimya, bila kulalamika. Nikasema, "Mumeona? Hiyo ndiyo faida ya akili." Nikafunga mashini, nikaenda nyumbani kula sombe.

Kesho yake Ma Georgette, aliyekuwa mukubwa wetu upande wa data, alinieleza taratibu, kama mutu anayeongea na mugonjwa, kwamba sikuwa nimeuliza kitu. Katika lugha ile, swali ukishaliandika linalala tu pale ulipoliweka. Haliendi kuchungulia sanduku lolote la data mpaka wewe mwenyewe udai jibu: uhesabu, uchapishe, au upitie majibu moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa nimeliandika, nikaliacha likalala, na mimi nikaenda kulala. Tulilingana.

"Papa Amisi," aliniambia, "umeweka sufuria kwenye mafiga, maji iko, unga iko. Halafu ukatoka inje kutangaza kwamba watu wameshiba. Moto ndiyo ulisahau."

Ninaanza na hilo kwa sababu nyinyi wadogo zangu mnaobaki kwenye biro mtalisikia tu kwa watu wengine, na watu wengine wataliongeza chumvi. Mimi sasa nimeachiliwa kazi, nimestaafu, ninakaa nyumbani kwa ruhusa ya serikali, jambo ambalo zamani nilikuwa ninalifanya bila ruhusa. Muliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Vyeo sitaandika, vilipita njia nyingine. Nitaandika vyombo tulivyotumia, watu walionifundisha, na kijiji kimoja.

Niliingia kazini nikiwa na diploma ya sekondari na vidole kumi vinavyojua kuandika kwa mashini ya taipureta, niliyofundishwa misheni. Walihitaji vidole, kichwa hakikuulizwa. Biro yetu ilikuwa upande wa nyuma wa depo ya chanjo, hapa Kasongo: frigo zenye kuvuma, masanduku ya baridi yamepangwa kama majeneza madogo ya buluu, paneli za jua juu ya bati. Wenzangu wote walikuwa wanapigania kutumwa safari. Mimi nilipoonyeshwa kiti changu, nikakijaribu, kikanipokea vizuri, nikajua nimefika. Mimi ni mutu wa nyumbani. Nyangwe ninaijua kwa samaki wake. Salamabila ninaijua kwa vumbi la pikipiki zinazotoka kule. Mke wangu anasema kwamba siku ya mwisho wa dunia, malaika watanikuta kwenye barza.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua chanjo iko wapi, inatakiwa wapi, na nani amekosa. Shida ni kwamba habari hizo hazikukaa pamoja. Zilikaa katika masanduku manne, kila sanduku na tabia yake. La kwanza lilikuwa ghala ya data ya depo, ndani ya mashini: majina ya vijiji vyote, na chupa za chanjo zilizotoka na zilizobaki. La pili lilikuwa majedwali ya waganga wa vituo vya afya, yaliyokuja kwa flashi ndani ya mufuko wa nailoni, mara nyingine yakinuka samaki: kijiji hiki kina watoto wangapi, wangapi wamechanjwa. La tatu lilikuwa ujumbe wa simu, ule mufupi, kutoka pande za Wamaza, huko Kabambare, ambako flashi haifiki lakini mutu akipanda kilima anapata rezo. La nne lilikuwa kipimajoto cha frigo, ambacho kiliandika joto la ndani usiku na mchana, hakichoki, hakiombi likizo.

Zamani niliyachapisha yote kwenye karatasi, nikayapanga juu ya meza, nikafuata mistari kwa rula na kidole. Baadaye nilijifunza kuyauliza ndani ya mashini, lakini kila sanduku lilikuwa na lugha yake. Ghala ya data ilitaka uiulize kwa namna moja, majedwali kwa namna nyingine, ujumbe wa simu ulitaka uukate vipande kama kuku. Jioni nilikuwa nimechoka kama mukalimani wa mahakama.

Ndipo Ma Georgette akafika kutoka Kindu. Alikuwa mama mufupi, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, asiyependa mutu anayesema "karibu nimalize". Alinikuta bado na rula yangu kando ya mashini. Hakucheka. Aliniuliza, "Siku ya soko, Mubangubangu akikutana na Muzimba, wanauziana kwa luga gani?"

"Kiswahili, Mama."

"Kwa nini?"

"Wote wanakijua."

"Basi kaa hapa. Nitakuonyesha Kiswahili ya mashini."

Alichonionyesha ndicho kilichonilisha mpaka leo. Ndani ya lugha ileile tunayoandikia programu, unaandika na swali. Hutoki, hubadilishi ulimi. Unasema: kutoka kwa vijiji, pale ambapo chanjo haijafika, panga kwa umbali, chagua jina. Unasema hivyohivyo kwa ghala ya data, kwa jedwali la munganga, kwa ujumbe wa simu ukishaupanga vizuri, kwa kipimajoto. Nyuma ya pazia kuna mukalimani anayepeleka swali kwa kila sanduku kwa lugha ya nyumbani kwake, lakini wewe humuoni. Tena ukikosea, kwa mfano ukilinganisha jina la kijiji na joto la frigo, mashini inakupigia mustari mwekundu kabla hujaenda popote, kama mwalimu wetu wa Kifaransa wa mwaka wa tatu, ila haina fimbo.

Nilipenda jambo hilo kuliko ninavyoweza kusema. Mutu wa nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, anauliza Wamaza, Salamabila na Nyangwe kwa sentensi moja, na majibu yanamfuata alipo! Nilidhani kazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili yangu.

Swali langu la kwanza lililofanya kazi kweli liliunganisha kipimajoto na saa za kazi. Tuliona frigo kubwa inapata joto kidogo kila siku adhuhuri. Ma Georgette alihofia chanjo. Nikaandika swali zuri, nikaliamsha safari hii, nikalisoma jibu kwa sauti ya hakimu: kuna mutu anafungua mulango wa frigo saa ya chakula. Tukaenda kutazama. Ndani, nyuma ya chanjo ya polio, kulikuwa na chupa ya maji. Ilikuwa yangu.

"Umejikamata mwenyewe," alisema Ma Georgette. "Ni polisi wachache wanafikaka pale."

Sasa nakuja kwenye kijiji.

Surua ilikuwa imezuka pande za Kabambare. Masanduku ya baridi yalipangwa kwa kufuata jibu la swali langu: swali linachukua vijiji vya ghala ya depo, linaviunganisha kwa jina na majedwali ya waganga ili kujua watoto ni wangapi, kisha linatoa vijiji vilivyopata na vilivyokosa. Waliokosa wanapelekewa sanduku. Timu zilikuwa zimezunguka, pikipiki zikarudi na matope, na orodha yangu ya waliokosa ikafika siku ikawa tupu. Sijawahi kuona utupu mutamu namna ile. Nilitembea kwenda nyumbani nikisalimia hata watu nisiowapenda.

Jirani yetu, Mama Zaina, alikuwa anatwanga muhogo. Kati ya lupango yake, yaani kiwanja chake, na yetu hakuna ukuta, kuna mustari wa maua tu, na maneno yanapita. Binti yake Machozi ameolewa ndani kule, mbali na barabara ya Wamaza, na alikuwa na mutoto mudogo, Riziki, aliyekuwa anatambaa.

"Papa Amisi," aliita, bila kuacha kutwanga, "ile timu yenu ya sindano itafika lini kule kwa Machozi?"

"Ilishapita, Mama. Upande wote wa Wamaza umemaliza. Niko na jibu la mashini."

"Mashini yako ilifika kule?"

"Haina haja ya kufika."

"Basi Machozi ni muongo? Ameniambia leo kwa simu: surua iko ngambo ya kijito, na sindano hawajaona hata moja. Riziki anatambaa na watoto wa ngambo."

"Labda rezo ilikatakata. Hukusikia muzuri."

Aliacha kutwanga. Alinitazama kama mutu anavyotazama mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba. "Nilisikia muzuri," alisema. "Mashini yako ndiyo itamukataza mujukuu wangu asiugue?"

Asubuhi nilifika biro mapema ili nimchapishie Mama Zaina uthibitisho. Nilikuwa na hasira ya mutu aliyeshukiwa bure. Niliangalia orodha ya waliokosa: kijiji cha Machozi hakimo. Nikafurahi. Nikaangalia orodha ya waliopata, niikate kipande chake nimupelekee. Hakimo. Nikaangalia tena. Hakikuwa kati ya waliopata, wala kati ya waliokosa. Kwa swali langu, mahali pale hapakuwa na mutu, wala nyumba, wala Riziki.

Kiti changu, ambacho sijawahi kukisema vibaya, siku hiyo kilikuwa cha baridi.

Nyinyi munajua jinsi ilivyo upande ule. Kijiji kinaitwa kwa jina la Mwenye anayekitawala. Mwenye akifa, watu wanalia, wanamaliza matanga, wanamusimika mwingine, na kijiji kinachukua jina lake. Hakuna anayeitisha mukutano kwa ajili ya hilo. Kilichokuwa kwa Mwenye Katamba kikawa kwa Mwenye Selemani. Na mimi nilijua! Nilitoa muchele wa matanga ya Mwenye Katamba. Mama Zaina ndiye aliyeupeleka, juu ya pikipiki, mufuko katikati ya magoti. Tangu siku ile mudomo wangu ulikuwa unasema "kwa Mwenye Selemani" kama kila mutu. Munganga wa kule naye aliandika Selemani katika jedwali lake. Lakini katika ghala ya depo, ambamo majina yote yaliandikwa na vidole vyangu kumi, marehemu alikuwa bado anatawala.

Sasa, namna ile ya kuunganisha niliyotumia ina desturi yake. Ni kama ngoma ya harusi ambapo asiye na mwenziwe wa kucheza anatolewa inje polepole na mulango unafungwa. Halafu mwenye ngoma anatazama ndani, anasema: wote wanacheza. Jina Katamba lilikosa mwenziwe upande wa waganga, likatolewa. Jina Selemani lilikosa mwenziwe upande wa depo, likatolewa. Mashini haikunidanganya. Ilijibu kile nilichouliza, na mimi sikuuliza nani ametolewa.

Nilimuambia Ma Georgette nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaisafisha, akaivaa.

"Ni kimoja tu?"

Sikujua. Tukageuza swali: majina gani ya depo hayana mwenziwe kwa waganga, na majina gani ya waganga hayana mwenziwe kwa depo? Yakatoka mengine. Tulipiga simu tukijaribu mutu baada ya mutu. Vijiji vile vingine vilikuwa kando ya barabara. Watu walisimamisha timu ikipita, wakachanjwa bila ruhusa ya swali langu, Mungu awabariki kwa usumbufu wao. Kimoja tu kilikuwa ndani, mbali na barabara, ambako hakuna timu inayopita kwa bahati.

"Sanduku litaondoka sasa hivi na Saidi," alisema. Saidi alikuwa dereva wetu wa pikipiki. "Lakini nani atamueleza Mwenye?"

"Nitaandika barua," nilisema.

"Barua haina haya. Wewe uko nayo. Panda."

Ndivyo nilivyoiona barabara ya Kabambare. Sanduku la baridi lilikuwa kati yangu na Saidi, limefungwa kwa mipira. Nilipomushika kiuno, alipiga kelele, "Papa, shika sanduku! Wewe ukianguka tutakuokota. Chanjo ikianguka, nitakuacha pale!" Tulivuka daraja la magogo ambalo lilikuwa na magogo machache kuliko nafasi kati yao. Mimi nilivuka kwa miguu, na sehemu nyingine kwa magoti. Huko Wamaza munganga alitungoja na pikipiki yake, tukaingia naye kwenye kinjia cha ndani, majani yakitupiga uso. Njia nzima nilikuwa ninafikiri: mahali hapa pote nimepauliza maswali kwa miaka, na sikuwahi kujua kwamba kuna mulima.

Mwenye Selemani alitupokea mbele ya nyumba yake. Munganga na Saidi walianza kupanga sindano na kuita wamama. Mimi nilieleza. Nilieleza yote, hata habari ya ngoma ya harusi.

"Kwa hiyo," alisema Mwenye, "ndani ya mashini yenu mimi sijatawala bado?"

"Bado, Mwenye."

"Na marehemu ndiye anatawala?"

"Ndiyo, Mwenye."

Alicheka, na wazee wake wakacheka, na mimi nikaanza kucheka. Kisha akaacha. Akanichukua kwa mukono mpaka nyumba ya tatu, akainua kitambaa cha mulango. Ndani kulikuwa na mutoto wa kiume amelala juu ya mukeka, ngozi imejaa vipele, macho yamevimba yamefungika. Mama yake alikuwa anayapangusa kwa maji ya vuguvugu.

"Huyu ndiye ulikuja kumueleza," alisema Mwenye. "Mueleze."

Nilimuita munganga. Akamupa dawa ya macho, matone ya vitamini, akamuonyesha mama namna ya kumunywesha. Mimi nilishika bakuli. Ni kazi pekee niliyofaa.

Machozi alikuja na Riziki mugongoni. Mutoto alichanjwa akalia, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa karibu, aliniuma kidole. Machozi aliuliza kama sindano imewahi, maana Riziki alikuwa amecheza na mutoto yule wa macho. Munganga alikuwa mutu mukweli. Alisema, "Labda imewahi. Labda imechelewa. Mungoje, mumutazame joto."

Tulingoja. Huko Kasongo, Mama Zaina hakunisalimia tena. Alitwanga tu, na mimi nilijifunza kwamba kinu kinaweza kumutukana mutu. Kila nilipotoka nilipita upande wa pili wa nyumba. Kazini niliandika upya maswali yangu yote, kwa sababu mikono haikutaka kukaa. Mke wangu aliacha kunitania. Hapo ndipo nilijua hali yangu ni mbaya.

Ilikuwa siku ya soko simu ilipolia kwa Mama Zaina. Nilimusikia akipiga kelele, kama tunavyofanya wote rezo ikiwa mbaya: "Anakula? Sema tena! Anakula ugali ya nani? Ya jirani? Muache aibe!" Kisha akauliza kuhusu mutoto yule mwingine. Alikuwa amefungua macho. Anaona. Alikuwa anamufukuza kuku.

Jioni Mama Zaina alivuka mustari wa maua na sahani ya samaki wa Nyangwe, akaiweka mbele yangu, akarudi kwenye kinu chake. Nimekula vyakula vingi katika maisha yangu ya kukaa. Kile sijakisahau.

Tangu siku ile, wadogo zangu, hakuna swali lililotoka kwenye biro yetu bila swali la pili nyuma yake: nani amebaki inje? Mutaona katika programu zote nilizowaachia kwamba ninaunganisha kwa namna ile nyingine, isiyomufukuza asiye na mwenziwe. Anabaki ndani, amesimama peke yake, na nafasi tupu kando yake, ili mumuone. Mutaona pia jedwali dogo lenye majina ya zamani na ya sasa. Musilidharau. Mwenye akifa, mulitengeneze kabla hamujamaliza muchele wa matanga. Na kila kijiji nilikipa namba, maana namba haisimikwi wala haifi. Lakini namba nayo inaandikwa na mutu, na mutu mwenyewe ndiye mimi. Kwa hiyo ulizeni. Ma Georgette aliliandika kwa chaki juu ya mulango wa depo, nalo liko pale mpaka leo: swali lisilouliza nani amebaki inje ni hotuba.

Ma Georgette alirudi kwao Kindu, akazeeka, akatutangulia. Ninamushukuru kwa Kiswahili cha mashini, na zaidi kwa neno lile "panda". Ninamushukuru Saidi ambaye hakuniacha darajani, ingawa alitaka. Ninamushukuru Mwenye Selemani, ambaye kila munganga akipita bado anauliza, "Yule wa mashini, ameshanisimika?" Nimekusimika, Mwenye. Kwa mikono yote miwili.

Riziki amekuwa musichana. Alipokuja likizo kwa bibi yake, alinionyesha meno yake mapya akasema anaambiwa aliwahi kunionja. Nilimuonyesha kidole.

Siku hizi safari yangu kubwa ni kuvuka mustari wa maua na kukaa kwenye barza ya Mama Zaina, kwa sababu kivuli chake ni kizuri kuliko changu. Ndipo nilipoandikia haya. Jana nilimusomea yote, kuanzia swali lililolala mpaka hapa, yeye akiwa amesimama na ufagio akiningoja nimalize. Nilipomaliza nilimuuliza anaonaje.

"Papa Amisi," alisema, "karatasi zote hizo za nini? Mashini yako ilinyamaza, mimi nilisema. Andika hivyo, halafu inua miguu nifagie."